Umetuma, Lakini Je, Limefika?

Maswali ya wasomaji: mafaili makubwa, mafaili ya siri, na kazi zinazojiendesha usiku

Barua nyingi zilizoingia safari hii zinahusu kazi ambayo ofisi nyingi zimeiacha ijiendee yenyewe: mafaili yanayoondoka usiku bila mtu kuyashika, kwenda kwenye seva ya mwingine au kwenye hifadhi ya wingu. Nimelinda seva kwa miaka mingi, na naweza kusema bila kusita kwamba hapa ndipo watu hulala usingizi mzito wakati wangepaswa kuwa macho. Nimechagua barua tano. Majina ya walioandika nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mpiga video hapa Unguja. Kila nikimaliza kazi natakiwa kumpelekea mhariri wangu aliyeko Nairobi klipu zote ghafi, mara nyingi zinafika gigabaiti 60. Nazibana ziwe faili moja la zip, kisha naliacha usiku kucha likipakiwa kwenye wingu kwa kutumia kivinjari. Asubuhi nakuta imeandikwa imeshindikana, na nikibonyeza tena inaanza sifuri. Nimeshamaliza bando mara nyingi. Je, ninunue intaneti ya kasi zaidi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hujalipia kasi mpya, shika kalamu tupige hesabu. Kasi ya intaneti huuzwa kwa biti, na baiti moja ni biti nane, kwa hiyo gigabaiti 60 ni megabiti 480,000. Kama laini yako inakupa megabiti 10 kwa sekunde za kupakia, hiyo ni kazi ya sekunde 48,000, yaani saa 13 na dakika 20. Ukiiwasha saa nne usiku ukaamka saa kumi na mbili alfajiri umepata saa nane, na katika saa nane zinapita gigabaiti 36 tu, hata kama laini haikutetereka. Kwa hiyo ulikuwa unaiomba kompyuta jambo lisilowezekana, kila usiku. Na nimesema kasi ya kupakia kwa makusudi. Namba kubwa inayoandikwa kwenye tangazo la kifurushi mara nyingi ni ya kupakua. Ya kupakia huwa ndogo zaidi, nawe ndiyo unayoihitaji. Ipime mwenyewe, na uipime saa zile zile unazotuma.

Kasi zaidi itakusaidia, lakini haitaondoa ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ni kwamba njia unayotumia inataka saa 13 mfululizo bila umeme kukatika, bila ruta kuzima, bila laini kuyumba. Hapa kwetu hilo ni kumjaribu Mungu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya ukanda wetu ikachechemea kwa siku kadhaa. Huwezi kuzuia mkongo usikatike. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba ukikatika, hupotezi ulichokwisha kukituma.

Jambo la kwanza, acha zip. Video ya kamera tayari imebanwa ndani ya kamera yenyewe, kwa hiyo zip haiipunguzi cha maana. Inachofanya ni kugeuza klipu mia moja ndogo kuwa faili moja kubwa ambalo likikosea linakosea lote. Ziache klipu zilivyo. Tumia programu kama rclone, ambayo ni ya bure na inaelewana na karibu kila hifadhi ya wingu. Ukiiambia ikopi folda, inaangalia kipi kimeshafika na kuendelea na kilichobaki. Programu ikifa katikati, klipu iliyokuwa njiani itaanza upya, lakini zile sabini zilizokwisha kufika haziguswi.

Jambo la pili ni vipande. Hifadhi kubwa za wingu hupokea faili kubwa kwa vipande: kila kipande kina namba yake, kinathibitishwa peke yake, na kikipotea kinatumwa hicho tu. Mwishoni seva inaviunga. Kwenye S3 ya Amazon, ambayo hifadhi nyingine nyingi zimeiga taratibu zake, huwezi kupakia zaidi ya gigabaiti 5 kwa mkupuo mmoja. Zaidi ya hapo ni vipande, kila kimoja kisipungue megabaiti 5 isipokuwa cha mwisho, na jumla visizidi 10,000. Ukubwa wa kipande ni uamuzi wako, na ndipo watu wanapopatia au kukosea. Ukiweka kipande cha gigabaiti 1, kwa kasi yako kinachukua zaidi ya dakika 13, na laini ikikatika dakika ya 12 umezipoteza zote. Ukiweka kidogo mno, kila kipande kinatumia muda mwingi zaidi kusalimiana na seva kuliko kusafiri. Kwa laini yako ningeweka megabaiti 32: sekunde 26 hivi kwa kipande. Kikipotea kimoja, umepoteza sekunde 26.

Amri yenyewe ni hii:

rclone copy /kazi/klipu wingu:klipu --s3-chunk-size 32M --transfers 2 --bwlimit "07:00,256k 22:00,off"

Sehemu ya mwisho inasema kwamba kuanzia saa moja asubuhi itumie kilobaiti 256 tu kwa sekunde, ili nyumbani watu waweze kupiga simu za WhatsApp, na kuanzia saa nne usiku ifunguliwe yote. Angalia kwamba herufi zile ni za baiti, si biti. Kilobaiti 256 ni kama megabiti 2. Nimeona watu wakiandika 10M wakidhani wamejizuia kumbe wamefungua bomba lote.

Jambo la tatu ndilo ninalokuomba usiliruke hata siku moja. Mzigo ukiupandisha kwenye basi pale stendi hujamaliza kazi mpaka aliyeko upande wa pili akupigie kwamba ameushika na haujafunguliwa. Faili nalo ni hivyo hivyo. Kabla ya kutuma, tengeneza orodha ya alama za mafaili yako kwa amri ya sha256sum. Kila faili linapata alama ya herufi na tarakimu 64, na likibadilika hata biti moja alama inakuwa nyingine kabisa. Itume orodha hiyo pamoja na klipu. Mhariri wako akishapakua, anaendesha sha256sum -c juu ya orodha, na kila mstari unapaswa kujibu OK. Mpaka akuandikie kwamba mistari yote imejibu hivyo, usifute kadi ya kamera. Usifute hata kama wingu limekuonyesha alama ya kijani. Ile kijani inasema wingu limepokea ulichokituma. Haisemi kwamba ulichokituma ndicho kilichokuwa kwenye kadi. Kadi ikisomeka vibaya, wingu litahifadhi ubovu huo kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo alama zipige kutoka kwenye kadi yenyewe, si kutoka kwenye nakala uliyoiweka kwenye kompyuta.

Na nunua UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya ruta. Ni fedha kidogo kuliko bando ulilolipoteza.

SWALI: Dada, salaam. Mimi ni mhasibu wa Saccos mkoani Kilimanjaro. Kila mwisho wa mwezi mfumo wetu unatuma benki faili la malipo ya wanachama, saa saba usiku, kwa SFTP. Kijana aliyetuwekea aliandika skripti, yaani orodha ya amri zinazojiendesha, na ilifanya kazi vizuri. Mwezi uliopita ikagoma, ikisema ufunguo wa seva ya benki umebadilika. Kijana akaongeza maneno kwenye skripti ili isijali onyo hilo, na faili likaenda. Kabla ya hapo, kuna mwezi benki ilisema imepokea majina 212 wakati faili letu lina majina 640. Je, tuko salama?

JIBU: Hamko salama, dada yangu, na nakuomba jambo hili ulishughulikie kabla ya mwisho wa mwezi huu. Yako mambo mawili tofauti, tuyatenganishe.

Kwanza niseme mmefanya vyema kutumia SFTP, njia ya kutuma mafaili yakiwa yamefunikwa. Zipo ofisi ambazo hadi leo zinatumia FTP ya kale, iliyoandikiwa kanuni zake za kwanza mwaka 1971, wakati mtandao ulikuwa wa watu wachache waliojuana. FTP hupitisha nywila wazi, na yeyote aliye njiani anaisoma. Tabia hiyo ndiyo iliyomfanya Tatu Ylönen, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, atengeneze SSH, njia ya kuongea na seva kwa siri, mwaka 1995, baada ya mtu kunasa nywila kwenye mtandao wa chuo chao. SFTP yenu inapita ndani ya SSH hiyo, kwenye mlango namba 22.

Sasa, SSH inafanya kazi mbili. Inafunika kinachopita, na inathibitisha unaongea na nani. Kijana wenu ameizima ya pili. Maana yake mafaili yenu bado yanafunikwa, ila yanafunikwa kwa ajili ya yeyote atakayejitokeza akisema yeye ndiye benki. Kama mnaingia kwa nywila, huyo mtu huenda ameipata nywila yenu. Kama mnaingia kwa ufunguo, hawezi kuutumia tena ufunguo wenu kwingine, lakini faili lenyewe, lenye majina 640, namba za akaunti na kiasi, amelipokea akanyamaza. Asubuhi skripti itaandika kwamba kazi imefanikiwa.

Simlaumu kijana. Alikuwa anaona malipo ya watu yanakwama usiku wa manane na hakuna wa kumpigia. Na ni kweli funguo hubadilika kwa sababu halali. Tarehe 24 Machi 2023 GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, ilibadilisha ufunguo wake wa seva wa aina ya RSA baada ya ufunguo wa siri kuonekana kwa muda mfupi mahali pa wazi, na skripti duniani kote zikagoma asubuhi hiyo kwa onyo lile lile mlilolipata. Waliofanya sawasawa walikwenda kwenye tangazo la GitHub, wakalinganisha alama ya ufunguo mpya, ndipo wakaukubali.

Fanyeni hivyo hivyo. Lifute lile neno aliloongeza kijana kwenye skripti ili isikague ufunguo, bila shaka ni StrictHostKeyChecking=no. Chukua mkataba wenu na benki, piga namba iliyoandikwa humo, si namba iliyokuja kwa barua pepe wiki iliyopita. Mwambie mtu wa mifumo akusomee alama ya ufunguo wa seva yao. Inaanza na SHA256 na nukta mbili, halafu zinafuata herufi 43. Wewe uwe na ile inayoonyeshwa na kompyuta yenu kwenye kioo, msomeane taratibu, herufi kubwa na ndogo. Zikilingana zote, kijana afute ufunguo wa zamani kwa ssh-keygen -R na kuuingiza mpya. Zisipolingana, msitume kitu. Na waombeni benki waandike kwamba siku wakibadilisha tena watawajulisha wiki mbili kabla, kwa barua, pamoja na alama mpya. Benki makini haitakataa.

Tuje kwenye majina 212. Nina hakika karibu kabisa ya kilichotokea, kwa kuwa kinatokea kila mahali. Upande wa benki kuna programu inayochungulia folda kila baada ya dakika chache, na ikikuta faili inalichukua. Ilichungulia wakati faili lenu lilikuwa bado linaandikwa, ikalinyakua lilivyo. Faili la CSV, yaani la maandishi matupu mstari kwa mstari, likikatwa katikati bado linasomeka. Halina sura ya kitu kilichovunjika. Watu 428 hawakulipwa na hakuna kengele iliyolia. Namfikiria mzazi aliyekuwa anasubiri mkopo wa ada wiki hiyo, na sitaki litokee tena.

Dawa yake haina gharama. Skripti ipakie faili kwa jina la muda, kwa mfano malipo.csv.bado, na benki wakubaliane kwamba hawagusi kitu kinachoishia na bado. Likishafika lote, skripti ilibadilishe jina liwe malipo.csv. Kubadilisha jina ndani ya diski moja ni kitendo cha mara moja: faili halipo, kisha lipo lote. Hakuna nusu. Halafu ongezeni mstari wa mwisho ndani ya faili wenye idadi ya majina na jumla ya fedha. Benki ikihesabu 212 na mstari unasema 640, au mstari wenyewe haupo, ilikatae faili zima. Wahasibu wa zamani walifanya hivi kwa kalamu chini ya kila ukurasa, na mimi bado sijaona kinachoshinda.

Lingine hukuniuliza, lakini litakuja. Laini ikikatika baada ya faili kufika ila kabla skripti haijapata jibu, skripti itadhani imeshindwa na itatuma tena. Mwanachama atalipwa mara mbili, na fedha iliyokwisha kutolewa kwenye simu hairudi kwa urahisi. Kwa hiyo jina la faili libebe mwezi na namba ya mfuatano, mfano 2025-06-001, na benki ikiona namba iliyokwisha kushughulikiwa iiweke pembeni. Kutuma tena hakutakuwa na madhara, na skripti itaweza kurudia kwa uhuru laini inapoyumba: isubiri dakika moja, kisha mbili, kisha nne, badala ya kugonga mlango mfululizo.

Na mwisho, ukimya. Nina hakika skripti yenu inatuma ujumbe ikikosea. Kompyuta ikizimika saa sita usiku, nani atatuma ujumbe? Geuzeni utaratibu. Benki iweke faili dogo la stakabadhi kwenye folda yenu ikishapokea na kuhesabu. Kompyuta nyingine, au huduma ya nje, iwe inaisubiri stakabadhi hiyo. Ikifika saa tisa usiku haijaonekana, ikutumie SMS wewe na kijana. Ujumbe usitegemee uzima wa mashine ile ile inayoweza kufa.

SWALI: Mama, hujambo. Niko kliniki ndogo Mombasa. Picha za CT tunazipeleka kwa daktari bingwa kwa kuziweka kwenye wingu na kumtumia kiungo kwa WhatsApp. Kiungo hicho yeyote akikipata anafungua. Tunabadilisha jina la faili ili jina la mgonjwa lisionekane. Inatosha? Pia mbona kutuma picha ndogo ndogo 1,000 kunachukua muda mrefu kuliko video moja?

JIBU: Sijambo. Haitoshi, na viungo vile vilivyoko nje muvifunge leo kabla hamjafunga kliniki. Picha za CT huja katika muundo wa DICOM, na jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya hospitali vimeandikwa ndani ya kila picha. Kubadilisha jina la nje hakugusi kitu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaiweka afya katika kundi la taarifa nyeti, na mgonjwa aliyelala kwenye mashine yenu hakuwapa ruhusa ya kuwagawia walimwengu.

Mwombeni daktari atengeneze jozi ya funguo kwa programu ya kufunga mafaili kama age au GPG. Ule wa wazi, wa kufungia, awape nyinyi; wa siri, ambao peke yake ndio unaofungua, abaki nao. Kompyuta yenu iwe inafunga kila faili kwa ufunguo wake wa wazi kabla halijaondoka. Hapo hata kiungo kikivuja, aliyekiokota amepata takataka. Kiungo chenyewe kiwe cha muda. Kwenye S3 kinaweza kuishi siku 7 kwa wingi. Nyinyi wekeni saa 24.

Kuhusu mwendo: picha moja ya CT ya kawaida, nukta 512 kwa 512, ni nusu megabaiti hivi. Picha 1,000 ni megabaiti 500, si mzigo mkubwa. Kinachowachelewesha ni kwamba kila faili lina salamu zake na seva, kwenda na kurudi, na seva ikiwa Ulaya kila safari inakula sehemu ya sekunde. Kwa hiyo nyinyi nawaambia kinyume cha nilichomwambia yule wa video: zikusanyeni picha za mgonjwa mmoja ziwe faili moja kwa programu ya tar, zibaneni, kisha ndipo mzifunge kwa ufunguo. Kwa mpangilio huo. Faili lililokwisha kusimbwa, yaani kufungwa kwa ufunguo, halibaniki tena.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu wa Bukoba. Napiga picha daftari za zamani za chama chetu cha ushirika na kuziweka kwenye wingu kwa msaada wa mjukuu. Nikihesabu naona gigabaiti 90, lakini tunalipishwa kama zaidi ya 130. Tena mjukuu alitumia amri fulani na folda nzima ikapotea kule juu. Tuliipata kwa kuwa nilikuwa na nakala kwenye diski ya nje. Tunaibiwa?

JIBU: Shikamoo mwalimu, na asante kwa kazi unayoifanya. Daftari hizo zikioza hakuna atakayeziandika upya.

Hamuibiwi. Nimeeleza hapo juu kwamba faili kubwa hupanda kwa vipande. Laini ikikatika na upakiaji usimalizwe, vile vipande vilivyokwisha kufika hubaki vimehifadhiwa. Havionekani kwenye orodha ya mafaili kwa kuwa bado si faili, ila vinachukua nafasi na vinalipiwa kila mwezi. Mjukuu aingie kwenye mipangilio ya hifadhi aweke kanuni ya kufuta upakiaji usiokamilika baada ya siku 7. Inawekwa mara moja, kisha inafanya kazi yenyewe. Kama bado kuna tofauti, aangalie nakala za zamani: hifadhi ikiwa imewashiwa utunzaji wa matoleo, kila ukipakia upya picha ile ile, ya kwanza inabaki chini yake. Hizo msizifute kwa pupa. Kwa kazi kama yako, ningezilipia.

Ile amri iliyofuta naamini ni sync. Kazi ya sync ni kuufanya upande wa pili ufanane na huu kabisa, pamoja na kufuta kisichopo hapa. Huenda mjukuu aliiendesha diski ikiwa haijachomekwa, kompyuta ikaona folda tupu, ikatii. Atumie copy, ambayo haifuti kitu. Na siku akilazimika kutumia sync, aanze na --dry-run, imwonyeshe itakachofanya kabla haijafanya.

Zaidi ya hapo, ufunguo uliomo kwenye kompyuta yenu upunguzwe mamlaka: uweze kuweka picha mpya, usiweze kufuta. Ufunguo wa kufuta ukae mahali pengine, kwenye karatasi ikibidi. Kompyuta hiyo ikiingia kirusi au ikiibwa, daftari zitabaki, mradi ule utunzaji wa matoleo umewashwa, maana mwenye ruhusa ya kuweka anaweza kuandika juu ya picha ya zamani. Na diski yako ya nje, mwalimu, endelea nayo. Usimruhusu mtu akuambie wingu limeifanya isiwe na kazi.

SWALI: Dada, niko idara ya TEHAMA ya taasisi moja Dodoma. Uongozi unataka kununua mfumo mkubwa wa kusimamia usafirishaji wa mafaili ili tuachane na skripti zetu. Muuzaji anasema usalama wote utakuwa juu yao. Tununue?

JIBU: Mnaweza kununua. Mfumo wa namna hiyo unakupa ratiba, kumbukumbu za nani alituma nini na lini, na mtu wa kumpigia. Skripti kumi na tano zilizoandikwa na watu waliokwisha kuhama kazi hazikupi hayo. Ila sentensi ile ya muuzaji msiikubali iingie kwenye kichwa cha mkurugenzi.

Mwishoni mwa Mei 2023 kundi la wahalifu linaloitwa Cl0p lilitumia tundu lililokuwa ndani ya MOVEit, mfumo wa aina hii hii unaotumiwa na taasisi kubwa duniani. Tundu lilikuwa la kupenyeza amri za hifadhidata kupitia ukurasa wa wavuti. Kampuni ya Progress, yenye mfumo huo, ilitoa kiraka tarehe 31 Mei, lakini mafaili yalikuwa yameshachotwa. Uingereza, wafanyakazi wa BBC, British Airways na Boots waliguswa bila ya waajiri wao kufanya kosa la moja kwa moja; taarifa zao zilikuwa kwa kampuni ya mishahara, Zellis, iliyokuwa ikitumia mfumo ule. Mapema mwaka huo huo kundi hilo lilikuwa limeshapitia mfumo mwingine wa aina hiyo, GoAnywhere.

Wezi hao walichukua kilichokuwa kimelala kwenye seva siku hiyo, na hapa ndipo uamuzi wenu una uzito. Seva ya kupitishia mafaili ikigeuka ghala, siku ikivunjwa mnapoteza miaka. Faili likifutwa pale mara tu mpokeaji anapotoa stakabadhi, mnapoteza mafaili ya siku moja, na hayo yakiwa yamesimbwa kwa ufunguo wa mpokeaji hampotezi hata hayo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo haipendi taarifa za watu zikae bila sababu.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, mwite muuzaji mezani na umuulize haya. Mfumo unaweza kufuta faili wenyewe baada ya kuthibitishwa, na muda huo ninaweza kuuweka mimi mwenyewe? Ukurasa wa kuingilia unaweza kufungwa usionekane na dunia nzima, ukaonekana na anwani za washirika wetu tu? Kiraka cha dharura kikitoka Ijumaa usiku, nani atakiweka, na kwa saa ngapi? Jibu la swali la mwisho liingizwe kwenye mkataba kwa jina la cheo na namba ya simu. Kisha nendeni mkaangalie folda za seva mliyonayo sasa, muone faili la zamani kuliko yote humo ni la mwaka gani.